Kilichonaswa na Kichujio

Mgeni alifika bila hodi kusikika, kwa kuwa mlango wa chumba cha kushonea ulikuwa wazi na cherehani ilikuwa inanguruma. Fundi aliinua macho kutoka kwenye pindo la suruali, na kitu cha kwanza alichokiona ni mkono wa kushoto wa gauni. Juu ya kitambaa cha kijani, ndege weupe walikuwa wanaruka kichwa chini, miguu juu.

Mguu ulimteleza kwenye kanyagio. Uzi ukakatika.

Hakukuwa na gauni jingine kama lile duniani. Dada yake ndiye aliyelikata, pale pale kwenye meza ya kukatia, akisimulia umbea huku mkasi unakwenda, na kwa sababu ya umbea akaukata mkono wa kushoto juu chini. Walipogundua, kitambaa kilikuwa kimekwisha. "Waache hivyo hivyo," dada alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Wa kulia wanakwenda, wa kushoto wanarudi." Gauni akalivaa mwenyewe. Alilivaa siku aliyokwenda kulazwa ili apunguzwe tumbo, na halikurudi pamoja na vitu vyake. Wala yeye hakurudi.

"Nisamehe, nimepanda tu kama mwizi," alisema mgeni, akihema kidogo kwa ajili ya ngazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, uso mwembamba, ngozi ya shingo imelegea kama nguo ya mtu mwingine. Gauni lilimzidi mara mbili. Alikuwa amelibana kiunoni kwa mkanda wa kiume. "Hapa ndipo kwa mafundi ndugu wawili? Niliambiwa ghorofani, mkabala na muuza matairi."

"Ndipo."

"Afadhali, maana nimeshapanda ngazi za watu wawili wasiohusika. Namtafuta dada mtu, yule mkataji. Aliniambia, ukishapungua njoo nikupunguzie gauni, na mimi nitakuwa nimekonda kuliko wewe, tuone nani atamcheka mwenzake." Aligeuka huku na huku akitabasamu, akachungulia hadi nyuma ya pazia la kujaribia nguo. "Yupo?"

Fundi aliivuta suruali kutoka kwenye cherehani.

"Hayupo," alisema. Na kwa kuwa mgeni bado alikuwa anatabasamu, ilibidi amalizie. "Alifariki. Huko huko hospitali. Donge la damu lilipanda kwenye mapafu."

Mgeni alikitafuta kiti kwa mkono kama mtu aliye gizani. Alipokaa, gauni lilibaki limesimama kidogo kumzunguka, kisha likashuka taratibu.

"Waliniambia amehamishwa wodi," alisema. "Labda hawakutaka kututisha sisi tuliobaki. Nikaamini. Muda wote huu namwonea wivu, nasema yule sasa hivi atakuwa amekuwa sindano."

Upepo uliingia ukavipeperusha vipande vya kitambaa mezani. Mgeni alitazama dirisha lililo wazi, na sakafu yenye alama ya mvua ya jana. "Mbona hulifungi? Vitambaa vya watu si vitaloa?"

Fundi aliviwekea mkasi vile vipande visiruke. Tangu mazishi, kila cherehani iliponyamaza, alisikia nyuma yake, upande wa meza ya kukatia, sauti ya dada yake ikihangaika kutafuta pumzi. *Nifungulie dirisha.* Haikuwa na neno jingine. Alipogeuka, palikuwa na mkasi na chaki tu. Alilifungua dirisha siku ile ya kwanza akaliacha wazi, jua na mvua, na bado sauti iliomba. Hakumwambia mtu. Watu walikuwa wameshaanza kumtazama kwa huruma, na huruma ya watu ikizidi huwa nzito kama mzigo wa kuni mbichi.

"Nilimjua siku moja tu, nikampenda," mgeni aliendelea, kama anayezungumza na mikono yake. "Nilikuja hospitali na nguo iliyochanika kwapani, naona aibu. Akalitoa hili kwenye mfuko wake akanipa. Akasema, mimi nikitoka hapa litanizidi, chukua wewe. Kesho yake akapasuliwa yeye, halafu mimi. Nilipotolewa chumba cha upasuaji nikalazwa kitanda cha pili yake, nusu usingizi nusu macho. Ndipo nikamsikia anahema. Akaniambia, 'Jirani, nifungulie dirisha.' Mdogo wangu, sikuweza hata kugeuka. Nilibonyeza kengele. Wakaja mbio, wakavuta mapazia, na mimi dawa zikanichukua. Nilipozinduka, kitanda kimetandikwa."

Vinyweleo vilimsimama Fundi kuanzia viwikoni hadi shingoni. Maneno yale hakuwahi kuambiwa na mtu. Hakuna daktari wala nesi aliyemweleza dada yake alisema nini mwisho.

Aliinuka kwa shida, akishika ukingo wa meza, magoti yakilia. Fundi mwenyewe alikuwa mnene kuliko dada yake alivyokuwa. Mtaani walimwita Tani, na yeye aliitika, kwa sababu ukiitika jina halichomi. Lakini sukari ilikuwa imempanda, magoti yalikuwa yamekwisha, na usiku alilala amekaa, mito mgongoni, kwa kuogopa pumzi yake mwenyewe. Daktari alikuwa amemweleza wazi: bila operesheni ile, moyo wake hautafika mbali.

"Na mimi nimeandikiwa," alisema. "Operesheni ile ile. Hospitali ile ile. Wananipigia simu, sipokei."

Mgeni alimtazama kwa makini. "Kwa sababu ya dada yako."

"Na kwa sababu ya huu." Fundi alipandisha sketi kidogo, akaonyesha mguu wa kushoto, mnene na mweusi kuliko mwenzake. "Mwaka ule tuliposhona sare za shule, nilikaa kwenye cherehani mpaka mguu ukavimba. Damu iliganda humu. Walinitibu ikaisha. Sasa daktari anasema kabla ya kunipasua wataniwekea kichujio, kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, ili donge likipanda linaswe. Nilimsikiliza, nikamshukuru, nikaenda zangu. Chuma ndani ya mshipa? Mtu si jokofu."

Mgeni alivuta ukosi wa gauni, akainamisha kichwa. Kulia mwa shingo palikuwa na kovu dogo, dogo kuliko tundu la kifungo.

"Walipitia hapa. Mimi nilishawahi kuganda damu nilipojifungua, kwa hiyo waliniwekea. Dada yako hakuwahi, walimpa sindano za kuzuia kama wanavyopewa wengi, na kwa wengi zinatosha." Akaligusa lile kovu kwa kidole. "Ni kijidude kama mwavuli uliobaki vijiti. Damu inapita, donge halipiti. Huhisi kitu."

"Bado unacho?"

"Ninacho. Na hapo ndipo nilipokosea." Alirudisha ukosi. "Waliniambia nirudi kitolewe hatari ikishapita. Nikasema nitarudi wiki ijayo, halafu nikasema baada ya sherehe ya mwanangu, halafu nikahama mji. Nilikuwa nimekonda, najipenda, nani anataka kurudi kwenye vitanda vile? Nilipokuja kukumbuka, kilikuwa kimeota kwenye mshipa. Wamejaribu kukitoa, kimegoma. Sasa mguu unavimba, na nameza dawa za damu mpaka nife." Akamshika Fundi mkono, na kiganja chake kilikuwa cha moto. "Nenda kapasuliwe. Nenda kawekewe. Lakini niahidi kitu kimoja, mdogo wangu. Kikimaliza kazi, rudi kitolewe. Na kikishatoka nipigie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Usinitumie ujumbe wala mtu."

"Hunijui," alisema Fundi.

"Sikujui. Niahidi."

Nyuma yao, upande wa meza ya kukatia, sauti iliomba dirisha. Mgeni hakuisikia. Fundi alitazama ndege wanaoanguka kwenye mkono wa gauni, akasema, "Naahidi."

Jioni ile alipokea simu ya hospitali.

*

Kichujio walikiweka siku moja kabla ya operesheni, katika chumba baridi chenye kioo kikubwa cha picha. Fundi hakulazwa usingizi. Walimpiga ganzi shingoni, wakamfunika kitambaa cha kijani, na daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, akamwambia, "Utasikia msukumo, si maumivu. Ukisikia maumivu sema, usijikaze kisabuni."

"Mimi kazi yangu kuchoma watu pini," alisema Fundi. "Leo zamu yangu."

Daktari alicheka, lakini mikono yake haikucheka. Kwenye kioo Fundi aliona uzi mweusi ukishuka ndani yake mwenyewe, ukapita karibu na moyo, ukafika tumboni, halafu kitu kidogo kikafunguka kama kucha za ndege anayetua tawini.

"Kimekaa," alisema daktari. "Ni hapa." Akagusa juu ya shuka, kulia kidogo, chini ya mbavu. "Tutakitoa baada ya miezi michache."

Kesho yake wakamlaza, wakampasua.

Alipozinduka, alijua kwanza kwamba yu hai, kisha akaogopa. Kitanda cha pili yake kilikuwa kitupu na kimetandikwa. Alilala akisubiri. Wodi ilikuwa kimya, gari la dawa lilikuwa limepita, na ukimya wa namna ile ndio ulioiita sauti siku zote. Alikaza vidole kwenye shuka.

"Umeona pindo la sketi ya yule nesi?" dada yake alisema. "Limekatwa na kipofu, likashonwa na mwenye hasira."

Fundi alicheka kabla hajajua anacheka, na tumbo likamchoma. "Usinichekeshe, nina nyuzi."

"Sijasema kitu," alisema nesi aliyekuwa anabadilisha maji ya dripu.

Sauti haikuwa nyuma yake tena. Haikuhangaika na pumzi. Ilikuwa ndani, kulia kidogo, chini ya mbavu, pale pale daktari alipogusa, na ilikuwa sauti ya dada wa zamani, dada wa mkasi na umbea. Fundi alilala akiielewa habari ile kwa namna yake. Kama kile kidude kinanasa vinavyopanda, basi kimemnasa dada kabla hajafika mahali pa kukosa hewa. Kimemshika kwa kucha zake ndogo, amekaa hapo, salama, anaongea.

Aliporudi nyumbani, alifunga dirisha.

*

Miezi ile alikuwa anakula kwa kijiko cha chai, supu iliyochujwa, uji mwepesi, na kuzunguka meza ya kukatia kwa kutembea kama alivyoagizwa, na kujichoma sindano ya kuzuia damu kuganda. Dada alimsindikiza. Alimkumbusha bwana aliyeleta vipimo vya mkewe kwa kamba, kamba ikaloa njiani ikavutika, wakamshonea mke gauni la twiga. Alimkumbusha mteja aliyekataa kulipia suruali kwa madai kwamba mfuko wa nyuma unamwangalia vibaya. Habari zote Fundi alikuwa ameshazisikia, na zote zilikuwa na kasoro ile ile ya zamani: hazikufika mwisho, kwa kuwa enzi zile mteja aliingia kila dada alipokaribia mwisho, na mteja akitoka dada alikuwa ameshaanza habari nyingine.

Mwili ulianza kumwacha. Nguo zake alizipunguza, akazipunguza tena. Muuza matairi alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Tani! Unatuhama? Sasa tukuite Kilo?"

"Niite shangazi yako, nina heshima zangu!"

Watu walifurahi naye. Hawakujua kwamba kazi zilikuwa zinalundikana. Alikuwa anasimamisha cherehani kila baada ya mshono mmoja ili asikilize, maana mlio wake ulimfunika dada. Wateja walipoingia aliwahudumia kwa kifupi, akitamani watoke. Kuna bibi aliyekuja kuchukua sketi akamkuta anacheka peke yake, mikono juu ya tumbo kama mjamzito. Bibi aliichukua sketi bila kuijaribu.

Na Fundi alimuuliza dada yake mambo ambayo mtu huyauliza. Uliumia? Uliogopa? Uliniita? Dada hakujibu hata moja. Alicheka, akaendelea na habari ya wateja. Hilo lilimsumbua Fundi kidogo, jinsi jiwe dogo linavyosumbua ndani ya kiatu, lakini hakutaka kuvua kiatu.

Siku ya kupimwa ilipofika, daktari aligeuza kioo ili naye aone. Ndani ya kucha za kile kidude palikuwa na kivuli cha kijivu, kidogo, cha mviringo.

"Unaona? Hili lilitoka mguuni, lilikuwa linapanda kwenye mapafu," alisema daktari, akikionyesha kwa ncha ya kalamu. "Kichujio kimelidaka. Sindano peke yake hazikutosha. Tunakuongezea dawa, litayeyuka, halafu kidude tunakitoa."

Fundi alikitazama kivuli. Kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Kilikuwa kimekaa pale dada alipokaa.

"Na kama nikikiacha?" aliuliza.

"Wapo wanaoachiwa, kwa sababu maalumu. Wewe huna. Kikikaa sana kinaota, kinaweza kuvunjika, kinaweza chenyewe kuziba njia." Daktari alimgeukia. "Au unayo sababu?"

"Hapana," alisema Fundi.

*

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyejua kitufe chake cha kuzimia kiko wapi. Mchana mmoja alipanda ngazi na mfuko wake wa spana, akamsikia mkewe anacheka.

"Nani huyo anakuchekesha kuliko mimi?" alisema mlangoni. "Nimlipe au nimpige?"

Fundi alijifuta macho. Alikuwa amechoka kubeba jambo lile peke yake. Akamweleza yote, tangu dirisha mpaka kivuli, akiwa ameinamisha kichwa kwenye cherehani. Alitarajia acheke. Redio aliweka mfuko chini polepole, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shemeji anasemaje?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Anasema unaongea sana."

Redio alicheka, halafu kicheko kikamgeuka njiani, akajifunika uso kwa kofia yake ya kazi. "Ni yeye," alisema ndani ya kofia. "Ni yeye mwenyewe." Alipoiondoa, macho yalikuwa mekundu. "Basi kiache, mke wangu. Kinakuuma? Hakikuumi. Umeingia kwenye vyumba vile mara mbili, umetoka mzima mara mbili. Mimi jokofu likiwa linafanya kazi silifungui. Ukilifungua ndiyo unaliharibu."

"Daktari anasema kitaota."

"Madaktari! Na mimi mteja akinipigia namwambia compressor, moyo wa jokofu, inakufa, kumbe ni vumbi." Akamsogelea. "Mimi sikulala usiku ule ulipopasuliwa. Sitaki kukesha vile tena. Kaa nacho, kaa na dada yako. Mnacheka, mnafurahi. Nani anadhurika?"

Simu ililia. Ilikuwa namba ya hospitali. Wakaitazama wote wawili mpaka ikakata.

"Umeona?" alisema Redio. "Hata yenyewe imekata tamaa."

Siku chache baadaye mgeni alikuja kuchukua gauni lake, aliloliacha siku ile lipunguzwe. Fundi alikuwa amechukua muda mrefu kulipunguza, kwa kuwa kila alipofumua mshono alikuta akiba ya kitambaa ambayo dada aliiacha ndani, pana, ya mtu asiyejiamini kwamba atapungua. Mkono wa kushoto hakuugusa.

Mgeni alipanda ngazi kwa kituo, mguu mmoja mmoja. Ule wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kidole hadi gotini, na kiatu chake kilikuwa kandambili ya kiume. Alilijaribu gauni nyuma ya pazia, akatoka, akazunguka mbele ya kioo, na pini moja iliyosahaulika kwenye pindo ikamchoma kidole.

"Usijali," alisema.

Lakini damu haikukoma. Fundi alimpa kipande cha pamba, kikalowa. Akampa kingine. Wakakaa kando kando kwenye benchi, mgeni ameinua kidole kama mwanafunzi mwenye swali, na damu ikiendelea kushuka hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Dawa hizi," alisema mgeni, akicheka kwa aibu. "Nikikata vitunguu watoto wanakaa na taulo. Angalia gauni bwana, usiangalie kidole. Limenikaa, au sivyo?"

"Limekukaa."

Mgeni hakumuuliza kuhusu kichujio. Hakumkumbusha ahadi. Alimtazama tu mara moja shingoni, haraka, akaona hakuna plasta mpya, akageuza macho dirishani kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe kwa bahati mbaya. Damu ilipokatika, aliaga, akashuka na mguu wake. Fundi alimsikia ngazi zote.

Cherehani ilikuwa kimya. "Nikusimulie wale akina mama wawili wa gauni moja?" alisema dada, kwa furaha, kama aliyekuwa anangoja mtu atoke. Habari ile Fundi hakuwahi kuisikia. Mwanamke mmoja alikuwa ameagiza gauni kama la mwenzake asiyepatana naye, kwa siri, kitambaa kile kile, mshono ule ule. Na dada peke yake, siku Fundi alipokuwa amelazwa na mguu, ndiye aliyeshuhudia walipokutana. Alikuwa ameahidi kumsimulia atakaporudi kutoka kwenye operesheni yake mwenyewe.

Fundi alisikiliza kidogo. Kisha akachukua simu, akapiga hospitali, akasema, "Nipangieni siku."

Redio aliposikia alizunguka chumba kizima. "Ulimwahidi nani? Mtu uliyemwona mara moja?"

"Mara mbili."

"Na mimi unayeniona kila siku?"

"Wewe utanisindikiza," alisema Fundi. "Na utaongea njia nzima, maana nitaogopa."

*

Chumba kilikuwa kile kile, baridi ile ile. Kivuli kilikuwa kimeyeyuka, na daktari alifurahi. Ganzi ikaingia shingoni. Kwenye kioo uzi mweusi ulianza kushuka tena, na safari hii nchani palikuwa na kitanzi kidogo.

"Basi," alisema dada, kulia kidogo, chini ya mbavu, "wa kwanza akaja asubuhi akalivaa hapa hapa, akasema naondoka nalo mwilini. Nikamwambia subiri nikate nyuzi. Hasubiri. Nje ya mlango, kwenye ngazi, nani anapanda?"

Fundi alifumba macho. Aliisikia sauti wazi kuliko siku zote, na pumzi yake nzuri, pana, isiyoomba kitu.

"Nimekifikia," alisema daktari. "Nikikivuta sasa kitaingia kwenye mrija, na tutakuwa tumemaliza. Uko sawa? Ukihitaji nisimame kidogo, sema."

Ilikuwa rahisi. Neno moja lingetosha. Angeweza kusema anaumwa, na daktari angesimama, na dada angepata nafasi ya kufika mwisho.

"Wanatazamana," dada alisema. "Mmoja juu, mmoja chini, kijani kwa kijani. Mimi nimesimama na mkasi mkononi, nasema leo mtu atakufa kwenye ngazi zangu. Yule wa chini akavuta pumzi, akafungua mdomo, akamwambia..."

"Endelea, daktari," alisema Fundi.

Alihisi mvuto mdogo, kama uzi unaotolewa kwenye kitambaa. Baada ya hapo mashine ikalia mlio wake, mtu akaweka kitu cha chuma kwenye sahani, na daktari akabonyeza shingo yake kwa kidole kuzuia damu.

Fundi alisubiri. Alisubiri hata sauti ya zamani, ile ya kukosa pumzi. Angeipokea hata hiyo. Hakuna aliyeomba dirisha.

Walimlaza chumba cha kupumzikia, plasta shingoni. Redio aliingia amekunja kofia mikononi, akamtazama usoni, na kwa kuwa alimjua, hakuuliza. Alimpa simu tu. Fundi aliitafuta namba. Ililia mara kadhaa, na alipata muda wa kutamani isipokelewe.

"Haloo?" alisema mgeni. "Haloo, nani?"

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Upande wa pili mgeni alingoja, bila kukata. Redio alinyoosha mkono kutaka kumsaidia kuongea. Fundi alitikisa kichwa, akageukia ukuta na simu yake, akajikusanya.

"Ni mimi, dada," alisema. "Kimetoka."